Sungura wa nyumbani anapoumwa: namna ya kumkagua na wakati wa kumkimbiza kwa daktari

Sungura haonyeshi ugonjwa mpaka umzidi nguvu. Porini, anayechechemea au kuzubaa ndiye anayeliwa kwanza, na tabia hiyo haikumtoka kwa sababu umemjengea banda nyuma ya nyumba Tabata au Kasarani. Ndiyo maana wafugaji wengi husema: "Jana alikuwa mzima, leo nimemkuta amekufa." Kwa kawaida jana hakuwa mzima. Alikuwa ameacha kula tangu mchana, na majani aliyobakiza yakadhaniwa ni shibe.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye sungura ni kujua sungura wake anavyokula na anavyopata choo kila siku, na kujua dalili ipi inasubiri kesho na ipi haisubiri hata uishe kunywa chai. Majina ya magonjwa atayajua daktari.

HATUA YA 1: MJUE AKIWA MZIMA

Chagua wakati mmoja wa siku, asubuhi au jioni unapoweka chakula. Weka kwanza, kisha simama umtazame. Sungura mzima huja mbio. Anayebaki pembeni amejikunyata, macho nusu, akisaga meno kwa sauti nzito, ana maumivu.

Ukimtoa bandani, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, umlaze kifuani pako. Usimnyanyue kwa masikio, hata kama ndivyo wanavyofanya sokoni. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake. Akirusha teke huku ananing'inia anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na akishapooza hivyo mara nyingi hakuna la kufanya.

Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Huhema mara 30 hadi 60 kwa dakika akiwa ametulia. Mpime uzito kila wiki kwa mzani wa jikoni na uandike mahali, kwa sababu manyoya huficha ukondefu. Pitisha vidole juu ya uti wa mgongo: ukihisi kila pingili imechomoza, ameshakonda muda mrefu.

Kisha tazama kinyesi. Sungura ana vya aina mbili, na hapa ndipo wageni wa ufugaji huu huhangaika bure. Kuna vidonge vikavu vya mviringo, vingi, vya ukubwa unaolingana. Na kuna vile laini, vyeusi, vinavyong'aa, vilivyoshikana kama kishada cha zabibu. Hivi vya pili hutoka usiku au alfajiri, naye huvila moja kwa moja kutoka mkunduni, kwani vina vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake. Usimkataze. Ukivikuta vimesagika bandani au vimemganda makalioni kila siku, ama ni mnene mno hafiki, ama ana maumivu, ama anakula vitu vitamu na pumba nyingi kuliko majani.

Vidonge vikavu vikianza kuwa vidogo, vichache, au vimeungana kwa nyuzi za manyoya, tumbo linapunguza mwendo. Hiyo ni taarifa ya mapema, na ukiiona siku hiyo hiyo umeokoa mengi.

Mkojo wake hubadilika rangi: njano, rangi ya chungwa, hata wekundu wa matofali, kutokana na majani aliyokula. Pia huwa mzito na wenye chokaa nyeupe kwa kuwa mwili wake hutoa kalsiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Mkojo mwekundu wote kwa mpigo, naye anakula na kurukaruka, usikukoseshe usingizi. Mabonge ya damu ndani ya mkojo wa kawaida, au kuchuchumaa muda mrefu bila kitu kutoka, ni jambo jingine.

HATUA YA 2: PANGA DALILI KWA UHARAKA WAKE

Hizi hazisubiri, hata kama ni usiku:

- hajala kabisa, au hajapata choo kabisa, kwa saa 12 mfululizo
- anahema kwa mdomo wazi
- tumbo limejaa upepo, limekaza, na hataki kuguswa
- anaharisha majimaji, hasa akiwa mtoto
- ana funza wa nzi mwilini
- miguu ya nyuma imelegea ghafla, au anapata degedege
- amelala ubavu, masikio ni ya baridi, joto limeshuka chini ya 38
- damu inatoka na haikomi

Hizi zinaweza kufika kesho asubuhi, lakini si wiki ijayo: chafya zenye makamasi, magamba masikioni, mate yanayolowesha kidevu, kidonda chini ya unyayo, uvimbe unaokua, kichwa kilichoanza kuinama upande mmoja. Kama dalili yoyote kati ya hizi imeambatana na kutokula, ihamishie kwenye orodha ya kwanza.

HATUA YA 3: AKIGOMA KULA

Hili ndilo tatizo linaloua sungura wengi wa nyumbani, na si ugonjwa mmoja. Ni matokeo ya mambo mengi. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku, ukisukumwa na nyuzinyuzi za nyasi. Hawezi kutapika. Akiacha kula kwa sababu yoyote ile, iwe jino linamchoma, joto kali, mbwa wa jirani aliyezunguka banda usiku kucha, kiu, au chakula kilichobadilishwa ghafla, utumbo hupunguza mwendo. Chakula hukauka ndani, vijidudu vibaya huongezeka, gesi hujaa, gesi huleta maumivu, na maumivu humfanya azidi kutokula. Mzunguko huo ukiachwa, ini huanza kuharibika ndani ya siku chache, na sungura mnene huharibikiwa upesi zaidi.

Fanya hivi kwa mpangilio.

Kwanza, mpe kitu anachokipenda kuliko vyote: jani la giligilani, matembele, kipande kidogo cha ndizi. Akikikataa hicho, amini kwamba anaumwa.

Pili, mguse tumbo taratibu. Likiwa laini kama siku zote, au lina kitu kizito kinachobonyea, kuna nafasi ya kumsaidia nyumbani huku ukimtafuta daktari. Likiwa limevimba na kukaza, acha hapo hapo. Usimlishe kwa nguvu, usimnyweshe chochote, mpeleke. Huenda njia imeziba, na kila utakachoingiza kitaongeza shinikizo.

Tatu, mpime joto kwa kipimo cha kidijitali kilichopakwa mafuta ya mgando, sentimita moja tu ndani. Akiwa chini ya 38, mpashe joto kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa kabla ya kumlisha, kwani tumbo la mnyama aliyepoa halisukumi kitu.

Nne, kama tumbo ni laini, loweka chakula chake cha punje (pellets) hadi kiwe uji mwepesi, uchukue bomba la sindano lisilo na sindano, uliingize pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele. Akae kwa miguu yake, asilazwe chali. Toa mililita moja, ngoja ameze, toa nyingine. Mililita 10 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kwa mlo mmoja. Rudia baada ya saa tatu au nne. Mpe na maji kwa njia hiyo hiyo.

Tano, mtembeze. Mwachie sakafuni, asifungiwe kwenye boksi.

Dawa ya gesi ya watoto wachanga yenye simethikoni haimdhuru, ila usiitegemee. Anachohitaji hasa kutoka kwa daktari ni dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi, na mtu wa kutafuta kilichoanzisha yote. Bila kuondoa maumivu, uji wako utakuwa unapigana na ukuta.

Na kinga yake ni rahisi: nyasi, nyasi, nyasi. Sehemu kubwa ya anachokula kwa siku iwe nyasi, kavu au zilizonyauka vizuri: Rhodes, ukoka, matete machanga. Punje ni kijiko, pumba ni kidogo au basi. Kabichi na sukuma wiki za kila siku, zikiwa ndizo chakula kikuu, huleta gesi. Mkate na ugali havina kazi kwenye tumbo hilo. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu. Pumba au mahindi yenye ukungu yatupwe kabisa, maana sungura ni dhaifu mno mbele ya sumukuvu.

HATUA YA 4: FUNGA KABATI LA DAWA

Ningeweza kuiweka hatua hii kwanza. Nyumbani kwetu mgonjwa akipiga chafya mbili, mtu huenda duka la dawa kununua amoksilini, na huruma hiyo hiyo humfikia sungura. Usithubutu. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamaisini na erithromaisini zikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vizuri vya utumbo wake. Vile vibaya vinabaki peke yao, vinatoa sumu, naye huharisha hadi kufa siku chache baadaye. Mwenyewe utasema ugonjwa ulimshinda, kumbe ni kapsuli.

Dawa za kuua viroboto vya mbwa na paka zenye fipronili, zile za kumwagia shingoni, nazo zinaua sungura. Mafuta ya taa na oili chafu masikioni huunguza ngozi ambayo tayari imechubuka.

Mtu wa duka la pembejeo anaweza kuwa mjuzi wa kuku na ng'ombe, na bado akawa hajui hili. Muulize kwanza kama amewahi kutibu sungura. Akisita, shukuru uondoke.

MATATIZO YANAYORUDI TENA NA TENA KWENYE MABANDA YETU

Kuharisha kwa watoto. Sungura wa kati ya mwezi mmoja na minne, tumbo kubwa, manyoya yamesimama, kinyesi cha maji au chenye ute: mara nyingi ni vimelea vya koksidia, ndugu wa ile inayoharisha vifaranga damu. Kuna inayoshambulia utumbo na kuna inayoshambulia ini. Ya ini huacha madoa meupe ambayo mchinjaji yeyote wa sungura ameshayaona. Mayai ya vimelea hutoka na kinyesi, na huhitaji siku moja au zaidi za unyevu na joto ndipo yaweze kuambukiza. Hapo ndipo pa kuikata: ondoa kinyesi kila siku, chakula kisikae sakafuni, banda likauke. Dawa nyingi za kusafishia haziyaui mayai hayo. Maji yanayochemka na jua kali huyaua. Tiba ipo, za jamii ya salfa au amproliamu, ila kipimo chake kitoke kwa daktari, na mtoto anayeharisha majimaji anahitaji maji mwilini kabla ya kitu kingine, kwani anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Masikio. Ukiona anatikisa kichwa na kujikuna, chungulia ndani. Magamba ya kahawia yaliyopandana ni kazi ya utitiri. Kishawishi ni kuyabandua. Usifanye hivyo, chini yake ni nyama tupu na maumivu ni makali. Tiba ya kawaida ni sindano ya ivermektini chini ya ngozi, na magamba huanguka yenyewe siku zinazofuata. Hapa kuna hesabu ya kuzingatia: chupa inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe huwa na miligramu 10 kwa kila mililita, na sungura wa kilo mbili hahitaji hata sehemu ya kumi ya mililita moja. Kuchoma kwa kukisia ni hatari. Sindano hurudiwa baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Watibu wote wanaoishi pamoja, na banda lisuguliwe siku hiyo hiyo.

Kuna utitiri mwingine unaoanzia puani, midomoni na kwenye vidole vya miguu, ukaacha ukoko mweupe. Huo humpanda na mtu, akajikuna mikononi. Mashilingi, yale mabaka ya duara ya fangasi wa ngozi, pia yanatoka kwa sungura kwenda kwa watoto. Vaa glavu, na watoto wakae mbali hadi apone.

Joto. Hili ni la wa pwani: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, kuanzia Desemba hadi Machi. Sungura hatoi jasho. Masikio ndiyo yanayompunguzia joto. Nyuzi 25 anavumilia. Zikipita 30, naye yuko chini ya bati lisilo na kivuli, yuko hatarini, hasa mnene na jike mwenye mimba. Akilala amejinyoosha, masikio mekundu ya moto, anahema haraka, mate yanatoka: mhamishie kivulini, lowesha masikio na miguu kwa maji ya kawaida ya bomba, mpepee. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Mpe maji ya kunywa akiweza kumeza mwenyewe, kisha daktari, hata kama ameonekana kupata nafuu. Siku za kawaida, chupa ya maji yaliyogandishwa, ikifungwa kitambaa na kuwekwa bandani saa sita mchana, inasaidia sana. Atailalia mwenyewe.

Mafua. Chafya moja mbili za vumbi la nyasi si kitu. Makamasi meupe mazito, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yaliyogandamana kwa sababu anajifutia, ni maambukizi, mara nyingi ya bakteria waitwao Pasteurella. Wengi huwabeba bila kuumwa hadi harufu ya mkojo inapowachubua njia ya hewa. Inama, weka pua yako usawa wa pua yake: kama macho yako yanawasha, na yeye yanamwasha usiku na mchana. Antibiotiki zinazomfaa zipo, na daktari anazijua, lakini banda lisipobadilika mafua yatarudi. Sungura huhema kwa pua tu. Ukimwona amefungua mdomo apate hewa, umeshachelewa, usisubiri tena.

Meno. Ya mbele hukua karibu milimita 2 kwa wiki maisha yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mate kidevuni, kuchagua vitu laini, kudondosha chakula: funua mdomo. Usikate kwa kikata kucha, jino hupasuka hadi kwenye mzizi.

Nyayo. Sakafu ya waya tupu ni nzuri kwa kusafisha na mbaya kwa miguu. Mweke ubao mkavu au boksi la kukalia, na kidonda kikianza kutoa usaha usikidharau, kinaweza kufika mfupani.

Kichwa kupinda. Huonekana kama ulozi na watu hukata tamaa mapema. Ama sikio la ndani limeambukizwa, ama ni kimelea kinachoenezwa kwa mkojo na kushambulia ubongo na figo, ambacho madaktari hukitibu kwa fenbendazoli kwa siku 28. Wapo wanaobaki na kichwa kilichoinama na wakaishi vizuri, wakila na kucheza.

Funza. Nzi hutaga kwenye makalio yenye mkojo au kinyesi, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Masika na vuli, geuza makalio kila siku. Ukikuta funza, watoe kwa kibano, usimwogeshe mwili mzima, na uende kwa daktari saa hiyo hiyo. Nikiwa kwenye wadudu: miguu ya banda ikae ndani ya makopo yenye oili chafu. Huko ndiko mahali pake. Siafu wakiingia bandani usiku hawaachi mtu.

Jike. Akinyonyoa manyoya ya kifuani na kujenga kiota bila kupandishwa, ni mimba ya uongo, hupita yenyewe ndani ya siku 16 hadi 18. Akizaa, usishtuke ukiona hakai na watoto: hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache. Watazame watoto matumbo. Yakiwa ya mviringo, wameshiba. La kushtua ni titi lililovimba, la moto, lenye rangi ya buluu. Na jike ambaye hakufungwa kizazi, akishavuka miaka mitatu, saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida kwake. Damu kwenye mkojo kwa umri huo ichunguzwe. Ukiamua afungwe kizazi, ukaambiwa asile tangu usiku kabla ya upasuaji, uliza vizuri. Sheria hiyo ni ya mbwa na paka wanaotapika. Sungura hafungishwi.

HATUA YA 5: KUMPELEKA

Tafuta daktari kabla hujamhitaji. Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro. Kenya, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Kwingineko, afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwa daktari wa wanyama wadogo wa mjini.

Mweke kwenye kikapu au boksi lenye matundu na nyasi chini, ambamo hawezi kugeuka sana. Kwenye bodaboda, mfunike kwa kitambaa chepesi, asione magari. Kama ana mwenzake aliyemzoea, wachukue wote. Beba kinyesi cha siku hiyo kwenye mfuko safi, chakula anachokula kidogo, na jina au pakiti ya dawa yoyote uliyokwisha kumpa. Usimfiche daktari hiyo amoksilini.

Atakuuliza mambo matatu: alikula lini mara ya mwisho, alipata choo lini mara ya mwisho, na nini kimebadilika wiki hii. Yaandike kabla hujatoka.

Akifa, na unao wengine, usimzike kwanza. Mfunge kwenye mifuko miwili, mweke mahali pa baridi lakini asigande, umpeleke apasuliwe siku hiyo hiyo. Ini na utumbo wake vitamwambia daktari kama hao waliobaki wanahitaji dawa.